MAJI YA CHINI YA SAKAFU

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua niliyoandikiwa na Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "Maendeleo ya Ufundi". Nimemwomba radhi. Maendeleo ya ufundi ni jambo kubwa, na mimi nina boti moja ndogo, tena kuukuu. Nitazungumza juu ya boti.

Wale tuliokuwa pamoja hapa miaka ya sabini mnakumbuka kwamba katika fizikia mimi nilikuwa mkiani. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alifunga jiwe kwenye mizani ya kuning'iniza, akalipima, kisha akalitumbukiza katika ndoo ya maji, akatuonyesha sindano ya mizani ikirudi nyuma. Akasema, kitu kinapozama hupungukiwa uzito sawasawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Niliikariri kwa ajili ya mtihani, nikaandika, nikapata alama, nikaisahau siku ile ile. Ilirudi kwangu baada ya miaka zaidi ya arobaini, nikiwa nimekaa katika boti iliyojaa maji hadi vifundoni, na wajukuu wangu wawili mbele yangu.

Ninakaa Mtoni Kijichi. Kwa mlioondoka Dar es Salaam zamani, niwakumbushe: ukiteremka kutoka Barabara ya Kilwa unakuta mkono wa bahari ulioingia ndani kati ya mikoko, na maji yake hujaa na kupwa kama ya pwani. Ukishuka na mkono huo kwa boti unapita chini ya Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 1996— samahani, nasahihishwa hapa na kijana wa mbele, mwaka 2016— kisha unaingia bandarini, unakipisha kivuko cha Magogoni, na ukitoka nje ya mlango wa bandari uko baharini. Mimi nilifanya kazi za karakana maisha yangu yote, na nilipostaafu nilitaka kitu kimoja tu, kwenda kuvua na kurudi jioni.

Mwaka 2019 nikanunua boti ya faiba, urefu wake mita 5, injini ya nje ya nguvu za farasi 40. Aliyeniuzia simtaji. Alikuwa ameipaka rangi nyeupe na mstari wa buluu, na sakafu ameitandika zulia la kijani, lile la kuigiza majani. Vijana, mkikuta boti imetandikwa zulia, inueni zulia. Mimi sikuinua.

Dalili zilikuwepo. Karibu na kiti cha nyuma sakafu ilikuwa ikibonyea ukikanyaga, kama unakanyaga godoro. Nilipovuta boti juu na kuchomoa kizibo cha nyuma, maji yalitoka siku ya kwanza, ya pili, na hata siku ya nne yalikuwa bado yanadondoka, ilhali juu ni pakavu. Petroli ilikuwa ikiisha upesi. Na boti ilikuwa ikikaa tezi chini, omo juu, hata injini ikiwa imezimwa. Kila dalili niliipatia sababu yake. Kubonyea, nikasema ni uzee. Kudondoka, nikasema ni umande. Petroli, nikamlaumu muuzaji. Mtu aliyefanya kazi karakana miaka thelathini na kitu!

Basi Agosti mwaka 2020, kusi ikivuma, nilikwenda upande wa kisiwa cha Sinda na jirani yangu na wajukuu wawili. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa nyuma yetu. Nilipopunguza mwendo ili nipishane na mashua moja, wimbi lilitufuata nyuma likaingia. Wimbi moja, la kawaida tu. Boti nzima ingelibeba wimbi lile na kuendelea na safari. Yetu ilikaa. Tezi ilishuka, na kabla hatujashika kopo likaingia la pili. Nikaongeza moto, omo ikapanda, maji yote yakakimbilia nyuma tulipokaa. Jirani alikuwa akiteka maji kwa ndoo, mjukuu mkubwa kwa dumu lililokatwa, na mdogo nilimwambia ashike kamba ya omo asiiache. Hatukuzama. Tuliingia bandarini polepole, tumekaa chini majini kiasi kwamba watu waliokuwa juu ya kivuko walitupungia mikono wakidhani tunacheza.

Sasa nifike mahali ambapo sipapendi, lakini nikiparuka hadithi yote haina maana. Baada ya siku ile nilijua boti ina kasoro kubwa. Nilifanya nini? Niliamua kuiuza. Mwezi wa kumi alikuja kijana kutoka Kigamboni, anataka boti ya kupeleka wageni visiwani. Akaniuliza juu ya sakafu. Nikamwambia, "Imebonyea kidogo tu, nitaitengeneza kabla hujaichukua." Akanipa arubuni. Nikaenda kununua ubao wa plaiwudi, nikamwita fundi, mzee mwenzangu aliyesomea kazi ya boti kule Mbegani, nikamwambia apige plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, apake resini, arudishe zulia.

Alizunguka boti akiigonga kwa mpini wa nyundo. Mahali pazima palilia kama mlango, pabovu palilia kama papai. Akachukua keekee, akatoboa tundu dogo la kidole katika sakafu, akaingiza waya wa baiskeli. Waya ulitoka umelowa mpaka juu. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, ubao huu nitakupigilia, hela yako ni halali yangu. Lakini ukiulizwa nani aliyeutengeneza, jina langu usilitaje."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilimwambia kazi ni ya mwenye mali. Akakusanya vyombo vyake, akaondoka, akaniachia waya ule uliolowa juu ya kiti. Nilikaa na waya ule wiki mbili. Kisha nikamrudishia yule kijana arubuni yake, akanitukana kidogo, ana haki, nikamfuata fundi nyumbani kwake.

Tulifungua sakafu Januari 2021, wakati wa kaskazi, jua kali na hakuna mvua. Ilibidi tumalize kabla ya masika, kwa sababu resini na ubao mbichi havipatani. Kwanza tuliikalisha boti juu ya magogo na magunia ya mchanga, tukaipima kwa timazi ya maji pande zote. Hili ni la lazima. Katika boti ya faiba sakafu ni sehemu ya mifupa, ukiiondoa gamba hulegea, na likikauka limepinda utapiga sakafu mpya juu ya boti iliyopinda milele. Kisha fundi alikata sakafu kuzunguka, akiacha ukingo wa upana wa vidole vitatu ukutani mwa boti, ili sakafu mpya ipate pa kulalia. Vumbi la faiba huwasha kama upupu. Tulivaa mashati ya mikono mirefu, miwani na vitambaa puani, na bado usiku ule sikulala.

Chini ya sakafu mlikuwa na lile povu gumu ambalo watengenezaji wa boti humimina ili chombo kisizame. Povu zima ni jepesi na kavu, ukilibonyeza halirudi. Letu lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ukilikamua linatoa maji. Lilinuka kama mtungi uliosahauliwa. Tulilichota kwa koleo na jembe, tukalijaza katika viroba, tukaviacha vichuruzike kutwa nzima. Nikaazima mizani kwa wauza samaki. Kilo 187.

Hapo nikamwita mjukuu wangu mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha pili. Yupo humu ndani na amenikataza nisimtaje. Alipima kila chumba cha chini ya sakafu na cha ubavuni, urefu kwa upana kwa kina, akapata kwamba povu lilichukua nafasi ya lita 400. Povu la namna hii likiwa kavu lina uzito wa kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo lita 400 zingekuwa na uzito wa kilo 13. Mimi nilikuwa na 187. Zilizobaki, kilo 174, zilikuwa maji. Yaani kila siku niliyokwenda kuvua nilichukua abiria wawili wanene waliolala chini ya sakafu, nikawalipia petroli.

Lakini uzito siyo ubaya wenyewe. Kijana alichukua karatasi akanionyesha ubaya wenyewe, na naomba walimu wa fizikia waniwie radhi kama nitayumba. Lita 400 za povu zikizamishwa katika maji ya bahari husukuma maji ya kilo 410. Toa uzito wa povu lenyewe, kilo 13, unabaki na nguvu ya kuinua kilo 397. Sasa boti ikijaa maji inahitaji nini? Gamba la faiba lilikuwa na kilo 300, lakini faiba iliyozama hubaki na uzito kama theluthi, tuseme 105. Injini kilo 70. Betri, nanga, mnyororo na vikorokoro 40. Jumla 215. Watu watano waliokaa ndani, maji yakiwafika kiunoni, kila mmoja anaelemea kwa nusu ya uzito wake, tuseme 35. Jumla yao 175. Zote pamoja ni kilo 390. Aliyemimina povu lile mara ya kwanza alijua kazi yake: alikuwa na kilo 7 za akiba.

Na povu letu lililolowa? 410 toa 187, inabaki 223. Boti na injini yake vinataka 215. Zinabaki kilo 8.

Nilimwambia arudie hesabu. Akarudia. Kumbe siku ile ya Agosti, kama wimbi la tatu lingeingia, boti ingejibeba yenyewe ikaelea, na watu wangekuja kuikuta. Sisi wanne isingetubeba. Yule mdogo aliyeshika kamba ya omo alikuwa ameshika kamba ya chombo ambacho hakikuwa na nafasi yake.

Nilikwenda nje nikakaa chini ya mwembe. Fundi hakusema neno, aliendelea kuchota.

Mtauliza povu lilinyweshwaje maji wakati limefunikwa. Sababu ilikuwa ndogo ya kutia aibu. Mtu fulani huko nyuma alifunga kiti kwa skrubu nne, akapitisha skrubu katika sakafu bila kuziba matundu. Mvua ikanyesha ndani ya boti isiyofunikwa, masika baada ya masika, maji yakapita pembeni mwa skrubu. Na hayakuwa na njia ya kutoka, kwa sababu povu lilimiminwa mpaka chini kabisa, bila mfereji wa kuyapeleka kwenye kizibo. Wazee wa majahazi wanajua kwamba chombo cha mbao hakiozi upesi kwa maji ya chumvi, huoza kwa maji ya mvua. Mihimili miwili ya mbao iliyokuwa chini ya sakafu niliivunja kwa mkono, kama keki. Ngama ya jahazi unaiona na kuiteka. Ngama ya boti hii ilifichwa chini ya zulia.

Habari za kazi yetu zilipoenea Kijichi, kila mtu alikuja na ushauri. Wa kwanza alisema nijaze madumu matupu ya mafuta ya kula na chupa za maji. Siyo ushauri wa kijinga. Dumu la lita 20 lenye kifuniko kizima huinua karibu kilo 20, na wavuvi wengi hulitumia. Lakini kati ya dumu na dumu hubaki nafasi tupu, vifuniko hupasuka kwa joto, na dumu lisilofungwa vizuri husugua faiba kutwa kucha. Hewa iliyofungiwa inafaa mradi pasitoboke tundu. Tunayo sababu ya kulijua hilo katika nchi hii. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ilibaki ikielea kichwa chini kwa hewa iliyokuwa ndani yake, na watu walisikika wakigonga kuta. Gamba likatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Povu lina hewa pia, lakini kila punje ya hewa imefungiwa katika kijichumba chake. Ukitoboa tundu unapoteza tundu lile tu.

Wa pili alisema nitumie lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni. Huyu nilimwonyesha kwa vitendo. Nilitia kipande katika kikombe cha petroli, kikayeyuka kama sukari mbele ya macho yake. Resini ya faiba hukifanya vilevile. Na ngama ya boti ya petroli haikosi petroli.

Nimesoma kwamba Marekani kulikuwa na mtengenezaji mmoja, Richard Fisher, aliyetoa boti iitwayo Boston Whaler mwaka 1958, magamba mawili na povu katikati. Mwaka 1961 gazeti la Life lilichapa picha zake amekaa katika boti hiyo majini huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, kisha akaondoka na nusu yenye injini. Ni mambo ya kuuza boti, lakini sheria za huko zilifuata: kuanzia mwaka 1978 boti ndogo mpya za injini ya nje, zisizofikia futi 20, zinatakiwa zikijaa maji zielee kwa usawa, siyo kuelea ovyo tu. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukiweka povu lote chini ya sakafu, boti ikijaa maji hupenda kugeuka, povu liwe juu na nyinyi chini. Kwa hiyo tuligawa: lita 280 chini ya sakafu, lita 120 juu ubavuni, chini ya ukingo wa boti.

Kazi yenyewe nitaipitia haraka. Mihimili tulibadilisha mmoja mmoja, kamwe siyo miwili pamoja, gamba lisije likalegea. Tulitumia mninga mkavu, tukaufunika wote kwa kitambaa cha faiba na resini. Kichocheo cha resini ni kati ya asilimia 1 na 2, na kwa joto la Dar es Salaam tulishika ile 1, tena asubuhi, kwa maana saa saba mchana resini huganda ndani ya kopo ukiwa bado unatafuta brashi. Katikati ya boti, kutoka omo hadi kwenye kizibo, tulilaza bomba la plastiki la inchi 2 lililopasuliwa nusu, limefunikwa kifudifudi. Huo ndio mfereji ambao boti haikuwa nao tangu izaliwe.

Povu huja katika makopo mawili ya maji mazito. Unachanganya kiasi sawa, unakoroga upesi, na kabla hujahesabu hamsini linaanza kufura. Lita moja ya mchanganyiko hutoa zaidi ya lita thelathini. Mimi, kwa kujua kwangu, nilichanganya ndoo nzima. Fundi alikuwa ananipigia kelele nimimine na mimi nazidi kukoroga. Likafura ndani ya ndoo kama maandazi, likapanda mikononi, ndoo ikapata moto nikaitupa. Uyoga ule ungalipo uani kwangu, kuku wanaulalia. Baada ya hapo tulikwenda kwa makopo madogo madogo, tukiacha kila safu ipoe, maana likimiminwa jingi mara moja huungua katikati, na likibanwa bila njia ya kupumua lina nguvu ya kubinua sakafu. Mvuke wake usivutwe: tulifanya kazi nje, upepo ukiwa nyuma yetu, na watoto tukawafukuza. Lilipokauka tulilikata sawasawa na mihimili, tukapaka resini juu ya mkato.

Sakafu mpya ilikuwa plaiwudi ya majini ya milimita 18, imepakwa resini juu, chini na kingoni, hasa kingoni, kwa maana ndiko ubao unakonywea maji. Kila tundu la skrubu tulilitoboa kubwa kupita kiasi, tukalijaza resini, tukalitoboa tena dogo katikati ya resini. Skrubu haigusi ubao kabisa. Fundi alitumia siku nzima kwa matundu kumi na sita, na mimi niliyekuwa nimepanga kupiga plaiwudi juu ya uozo kwa saa mbili nilikuwa namshikia taa. Gharama yote ilifika shilingi milioni mbili na laki saba, bila kuhesabu maneno ya nyumbani.

Mwisho wa Februari, maji ya bamvua, tukaipeleka Kijichi kuizamisha. Ndiyo, kuizamisha. Fundi alisema boti isiyojazwa maji kwa hiari itajazwa siku nyingine bila hiari. Injini tuliitoa tukaiacha nyumbani, na mahali pake nikataka kufunga gunia la mchanga la kilo 70. Mjukuu wangu akacheka. Babu, mchanga ukizama unapungua sana uzito, utajidanganya. Funga chuma. Tukaenda kwa muuza vyuma chakavu tukaazima kilo 70 za vipuri vya lori, ambavyo majini hupungua kilo 9 tu. Tukavaa majaketi ya kuokolea, tukaingia watu watano: mimi, jirani, fundi, mjukuu mkubwa, na wa tano alikuwa yule kijana wa Kigamboni. Alisikia, akaja kutazama, akavua shati akapanda bila kuulizwa. Nikachomoa kizibo, na wengine wakamimina maji kwa ndoo.

Maji yalipanda. Yalifika magotini, yakafika kwenye viti, yakasimama. Omo ilikuwa juu ya maji kwa shubiri mbili, ubavu kwa upana wa kiganja. Tulikaa tunatazamana. Kisha fundi akaonyesha kona ya nyuma upande wa kulia: ilikuwa imezama kabisa, na jirani aliposogea kidogo upande ule, boti ikaanza kuinama naye. Hesabu ya jumla ilikuwa sahihi, lakini kilo 70 za chuma hazikukaa katikati ya hesabu, zilining'inia nyuma. Tulirudi nyumbani tukafungua visanduku viwili vya pembe za nyuma, tukamimina lita 60 zaidi, 30 kila upande, juu kabisa. Bamvua iliyofuata tukaizamisha tena. Safari hii ilikaa sawa, na kijana wa Kigamboni alisimama ukingoni makusudi ikakataa kugeuka.

Aliniuliza kama ningemuuzia sasa. Nikamwambia hapana. Akamchukua fundi siku hiyo hiyo kwenda kuigonga boti aliyokuwa amekwisha kuinunua kwingine.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Mwenzetu mmoja hapa, tuliyekaa naye dawati moja, ameniambia wakati wa chai kwamba boti yake ya Msasani inabonyea kidogo karibu na kiti cha nyuma, na kwamba anadhani ni uzee. Nimekwisha kumwambia: Jumamosi nitakuja na nyundo na waya wa baiskeli. Asitandike zulia.